Sura ya Sita: Kadi ya Mzee

Mzee haanguki kwa sababu moja. Tuseme ni bibi wa miaka 74, ameanguka usiku akienda msalani, na kulipokucha majirani wakaambiwa nyonga imevunjika. Wengine watasema ni ajali, wengine watasema ni umri. Lakini anguko hilo lilikuwa likijiandaa kwa muda mrefu. Jicho la kulia lina mtoto wa jicho ambaye bibi amemzoea kiasi kwamba hamtaji tena. Mapaja yaliishiwa nguvu tangu alipougua masika yaliyopita akalala kitandani majuma matatu. Kidonge cha kupunguza maji mwilini, alichopewa kwa ajili ya presha, anakimeza jioni badala ya asubuhi, kwa hiyo mkojo unamwamsha usiku kucha. Kidonge cha pili cha presha kinamletea kizunguzungu anaposimama ghafla. Kandambili zimelika soli. Choo kiko nje, na balbu ya uani imeungua tangu Pasaka.

Hakuna hata moja kati ya hayo lisilo na dawa. Mtoto wa jicho huondolewa kwa upasuaji mfupi, mara nyingi bila mgonjwa kulazwa. Nguvu za mapaja hurudi kwa mazoezi na chakula kinachojenga mwili, hata kwa mtu wa miaka 80. Saa ya kumeza kidonge hubadilishwa kwa sentensi moja. Balbu inauzwa dukani kwa Mangi. Na bado bibi ameanguka, kwa sababu kila dawa iko kwenye mlango wake. Macho yana kliniki yao, presha ina siku yake, vidonge vina dirisha lake, chakula ni shauri la mkwe, balbu ni shauri la mjukuu. Hakuna aliyepewa kazi ya kumtazama bibi mzima kwa mara moja.

Dai la sura hii ni moja. Kinga ya uzee haijakosa vifaa wala elimu kwa kiasi tunachodhani. Imekosa mwenye kuiunganisha. Na namna ya kuiunganisha tunaijua tayari, kwa sababu tunaifanya kila juma katika zahanati zile zile, kwa watoto.

Mtoto ana kadi

Fika zahanati yoyote asubuhi ya siku ya kliniki ya watoto. Mama anakabidhi kadi. Mtoto anapimwa uzito, uzito unachorwa kwenye mstari wa ukuaji, na muuguzi anaona papo hapo kama mstari unapanda, umelala au unashuka. Chanjo iliyofika wakati wake inachomwa. Matone ya vitamini A na dawa za minyoo hutolewa kwa ratiba. Mama anaulizwa habari za kunyonyesha, anaulizwa kama wanalala kwenye chandarua, na akitaka uzazi wa mpango anahudumiwa hapo hapo. Yote hayo ni kwa siku moja na kadi moja, mbele ya muuguzi anayewafahamu nusu ya wanawake walioketi kwenye benchi. Wa vijiji vya mbali hawaachwi: wahudumu hubeba chanjo katika kisanduku cha barafu wakaenda kukaa chini ya mwembe, na kazi hiyo tukaiita huduma ya mkoba. Mtoto asipoonekana, kuna anayemuulizia.

Tena mtoto huyo si mgonjwa. Ameletwa akiwa mzima ili abaki mzima, na hakuna mama anayeona ajabu kupanga foleni na mtoto asiyeumwa.

Utaratibu huo huo tuliutumia kwa watu wanaoishi na VVU. Tanzania ilipoanza mwaka 2004 mpango wa taifa wa kutoa dawa za kufubaza virusi bila malipo, kliniki za tiba na matunzo (CTC) zilikuja na kadi, tarehe ya kurudi, rejista, ushauri, uchunguzi wa kifua kikuu, na watu wa kuwafuatilia waliokosa kufika. Ugonjwa uliokuwa hukumu ukawa ugonjwa wa kuishi nao. Vidonge vilifanya sehemu yake, na sehemu nyingine ilifanywa na mtu aliyejua nani hajaja.

Sasa mtazame mzee. Kadi yake ni mfuko wa nailoni uliotundikwa msumarini. Ndani mna daftari la shule lililoandikwa “presha”, cheti cha macho cha hospitali ya misheni, karatasi ya rufaa ambayo hakwenda nayo popote, picha ya eksirei ya mwaka juzi, na maboksi ya dawa aliyoletewa na mwanawe wa mjini. Kila karatasi inasema kweli. Ila hazijawahi kusomwa zote na mtu mmoja, siku moja, juu ya meza moja. Ukili hata usukwe vizuri namna gani haulaliwi mpaka ushonwe na wenzake ukawa mkeka. Huduma za wazee wetu ni kili zilizoachwa sakafuni.

Mambo sita ya kutazama

Je, kadi ya mzee ingeandikwa nini? Uzito peke yake hautoshi, na orodha ya magonjwa nayo inapotosha, kwa kuwa wazee wawili wenye presha na sukari ile ile wanaweza kuwa mmoja analima shamba lake na mwingine hatoki chumbani. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa huduma unganishi kwa wazee, unaojulikana kwa kifupi cha ICOPE, na ukafuatiwa na kitabu cha mafunzo mwaka 2019. Mwongozo huo unaanza na swali jingine kabisa. Badala ya kuuliza mzee anaumwa nini, unauliza bado anaweza nini, na uwezo upi umeanza kumponyoka.

Unatazama mambo sita. La kwanza ni kumbukumbu: mhudumu anamtajia mzee maneno matatu, kwa mfano ua, mlango, mchele, kisha baadaye kidogo anamwomba ayarudie, anamwuliza pia leo ni tarehe gani na hapa walipo ni wapi. La pili ni mwendo: mzee anakaa kwenye kiti, anakunja mikono kifuani, anasimama na kuketi mara tano bila kujishikilia. Akizidisha sekunde 14, au akishindwa, miguu inahitaji msaada. La tatu ni lishe: je, katika miezi mitatu iliyopita amepungua zaidi ya kilo 3 bila kukusudia, au amepoteza hamu ya kula? La nne ni macho, ya mbali na ya karibu. La tano ni masikio, ambayo hupimwa hata kwa mnong’ono: mhudumu anasimama pembeni mzee asipouona mdomo wake, ananong’ona maneno machache, na mzee anayarudia. La sita ni moyo: je, katika majuma mawili yaliyopita amekuwa na huzuni au kukata tamaa, au amepoteza hamu ya mambo aliyoyapenda?

Vipimo hivyo vinahitaji kiti, saa yenye mshale wa sekunde, kibao cha kupimia macho na subira. Havimwambii daktari ugonjwa gani upo. Vinamwambia atazame wapi. Thamani yake kubwa ni kwamba vinafanywa pamoja, kwa sababu mambo hayo sita hayakai kila moja peke yake. Yanasukumana.

Anza na masikio. Babu asiyesikia vizuri huchoka kuomba watu warudie maneno. Anajiondoa barazani, anaacha kwenda msikitini au kanisani, na nyumbani wanamwona mkimya wakadhani ni hekima ya uzee. Ripoti ya mwaka 2024 ya jopo la wataalamu la jarida la Lancet ilitaja mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa wa kusahau, na upungufu wa kusikia usiotibiwa umo ndani yake, pamoja na upungufu wa kuona, presha, kisukari na upweke. Jopo lilikadiria kwamba karibu asilimia 45 ya visa vya ugonjwa huo duniani vinatokana na mambo yanayoweza kuzuiwa au kucheleweshwa. Na si kila sikio linahitaji mashine ya bei kubwa. Mengine yamezibwa na nta tu, na muuguzi aliyefundishwa huiosha kwa dakika chache.

Au anza na meno. Bibi aliyepoteza magego huacha nyama, karanga na mahindi ya kuchoma, akahamia kwenye uji, chai na mkate wa kuchovya. Shibe anaipata, protini haipati. Hata nyama ikiwa laini, kipande chake anampasia mjukuu, maana ndivyo alivyolelewa. Misuli inapungua, mapaja yanalegea, safari ya kwenda kwa rafiki yake wa siku nyingi inakuwa ndefu, moyo unasononeka, na hamu ya kula inazidi kupotea. Daktari wa meno hawezi kuuona mnyororo huo mpaka mwisho, wala wa mifupa hawezi, wala mshauri wa saikolojia. Anayeweza kuuona ni yule aliyeandika mambo sita kwenye ukurasa mmoja.

Ugonjwa usiouma na dawa zinazogombana

Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, ni moja ya sehemu chache za Afrika ambako uzee umechunguzwa kijiji kwa kijiji kwa miaka mingi, na watafiti wa Tanzania wakishirikiana na wenzao wa Uingereza. Walipowapima watu wa miaka 70 na zaidi mwaka 2009 na 2010, karibu 7 kati ya kila 10 walikuwa na presha ya juu. Wengi wao hawakujua. Kati ya waliojua, si wote waliokuwa wakitumia dawa, na kati ya waliokuwa wakitumia dawa ni wachache ambao presha yao ilikuwa imeshuka inavyotakiwa. Katika utafiti huo wa Hai, wazee takriban 6 kati ya kila 100 walikuwa na ugonjwa wa kusahau. Kabla ya hapo, kati ya 2003 na 2006, uchunguzi wa kiharusi uliofanywa Hai na Dar es Salaam ulikuta kwamba jijini Dar es Salaam kiharusi kinawapata watu kwa kiwango kinachozidi cha nchi nyingi tajiri.

Presha haiumi, na hapo ndipo penye hatari. Mazungumzo ya mzee na muuguzi huenda hivi:

“Shikamoo bibi. Leo unasumbuliwa na nini?”

“Marahaba mwanangu. Magoti tu. Mengine namshukuru Mungu.”

Bibi amepewa dawa ya magoti akaenda zake, na swali limeishia kwenye kinachouma. Dawa yenyewe pengine ni diklofenaki, ile inayouzwa kila duka la dawa. Kwa kijana aliyeteguka kifundo, siku tatu za diklofenaki si jambo kubwa. Kwa mzee wa presha, kuimeza mwezi baada ya mwezi ni habari nyingine: huzuia mwili kutoa maji na chumvi, hupandisha presha, hupunguza nguvu za baadhi ya vidonge vya presha, huchubua tumbo, na ikikutana na vidonge fulani vya presha pamoja na kile cha kupunguza maji, inaweza kuziumiza figo. Kliniki ya presha ikiona vipimo vimepanda itaongeza kidonge cha tatu. Kwa hiyo dawa ya goti imezaa dawa ya presha, dawa ya presha imezaa kizunguzungu, na kizunguzungu kitazaa anguko.

Zipo nyingine za namna hiyo. Vidonge vya mafua vinavyoleta usingizi, ambavyo wengi huvimeza ili walale, huweza kumchanganya mzee akili na kumfunga mkojo. Sindano na vidonge vya steroidi vinavyotolewa ovyo kwa maumivu hupandisha sukari na kudhoofisha mifupa. Ndiyo maana moja ya kazi kubwa za kinga kwa wazee ni kazi ndogo sana kwa macho: kumwaga mfuko wote wa dawa mezani, za hospitali, za dukani na za mitishamba, na mtu mwenye ujuzi kuuliza kila moja imekuja kufanya nini na kama bado inahitajika. Jambo la pili ni kumpima mzee presha akiwa ameketi, kisha kumpima tena ndani ya dakika tatu baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, daktari ajue, kwa sababu presha nzuri ya kwenye kiti inaweza kuwa presha mbaya ya mlangoni. Na hapa pana onyo: mzee asiache dawa ya presha kwa uamuzi wake au wa familia. Inapangwa upya na aliyeiandika.

Kijiji kilichopimwa kizima

Mwaka 1945 daktari kijana aliyeitwa Wakatsuki Toshikazu alipelekwa katika hospitali ndogo ya Saku, kwenye milima ya mkoa wa Nagano nchini Japani. Wakulima wa huko walifika hospitalini wakiwa wamechelewa mno. Wakatsuki aliwaona kuwa wa aina mbili: waliojua wanaumwa lakini wakavumilia kwa kuogopa gharama na usumbufu, na wasiojua kabisa kama wanaumwa. Akatoka hospitalini akawafuata. Baada ya kazi na siku za mapumziko, madaktari na wauguzi walikwenda vijijini kupima watu, na kwa kuwa hotuba za afya zilikuwa zikiwachosha wakulima, waliandika michezo ya kuigiza wakaicheza wenyewe, minyoo na presha vikiwa wahusika wa vichekesho.

Mwaka 1959 hospitali ya Saku na uongozi wa kijiji cha Yachiho walianza jambo ambalo halikuwa la kawaida: kupima afya ya wanakijiji wote kila mwaka. Kila mtu alipewa kijitabu chake cha afya, na nakala ya habari zake ikatunzwa kwenye leja ya kijiji. Japani ilikuwa imekwisha kuwapa kina mama wajawazito kijitabu cha mama na mtoto tangu 1948; Yachiho waliuchukua utaratibu wa mtoto wakampa mtu mzima. Wanakijiji wa kujitolea, wengi wao wanawake, walifundishwa kupita nyumba kwa nyumba, kukumbusha siku ya kupimwa na kuzungumzia chakula.

Nagano ilikuwa moja ya sehemu za Japani zilizosumbuliwa sana na kiharusi. Majira ya baridi ni marefu, nyumba zilikuwa za baridi kali, na watu waliishi kwa mboga zilizohifadhiwa kwenye chumvi na supu yenye chumvi nyingi. Daktari angeweza kuandika vidonge mpaka kalamu iishe, lakini chumvi ilikuwa jikoni na baridi ilikuwa chumbani. Kwa hiyo wahudumu wa kijiji walipima chumvi kwenye supu za watu, wakahimiza familia zipashe joto walau chumba kimoja, na leja ikawaonyesha nani wa kutembelewa kwanza.

Mwaka 2010 mkoa wa Nagano ulishika nafasi ya kwanza Japani kwa umri wa kuishi wa wanaume na wa wanawake pia: miaka 80.88 kwa wanaume na 87.18 kwa wanawake. Gharama za matibabu kwa kila mzee zilikuwa kwa miaka mingi miongoni mwa za chini nchini humo. Haifai kuyapa matunda hayo yote kijiji kimoja au daktari mmoja. Japani nzima ilipata maisha bora, bima ya afya kwa wote ilifika 1961, na watu wa Nagano wana mazoea ya kufanya kazi za shamba hadi uzeeni. Lakini serikali ya Japani iliona vya kutosha hata ikaichukua njia ya Yachiho kuwa mfano wa sheria ya afya ya wazee ya 1982, iliyoeneza upimaji na kijitabu cha afya kwa watu wa miaka 40 na kuendelea nchi nzima. Wakatsuki alipewa Tuzo ya Ramon Magsaysay mwaka 1976.

Uratibu wa karatasi

Msomaji asije akadhani kwamba ukishateua mratibu kazi imekwisha. Nchini Marekani ulifanyika utafiti mkubwa ulioitwa STRIDE, uliotangazwa mwaka 2020, juu ya wazee 5,451 wa miaka 70 na zaidi waliokuwa katika hatari ya kuanguka. Nusu ya vituo 86 vilivyoshiriki viliwekewa wauguzi maalumu wa kuratibu: kumpima mzee, kutaja hatari zake, kupanga naye mkakati, kumpigia simu. Ni wazo zuri, na wauguzi walikuwa hodari. Matokeo? Majeraha makubwa ya kuanguka hayakupungua kwa kiasi cha kutegemewa.

Kwa upande mwingine, majaribio 108 ya mazoezi kwa wazee yalipokusanywa na kuchambuliwa pamoja mwaka 2019, yalionyesha kwamba mazoezi kwa jumla hupunguza kuanguka kwa asilimia 23. Ukiyasoma matokeo hayo mawili kwa pamoja unapata somo. Kumwelekeza mzee akafanye mazoezi ni jambo moja, na mzee kufanya mazoezi ni jambo jingine. Mratibu anayeandika “apelekwe macho” hajampeleka mtu macho. Kati ya karatasi na tendo kuna nauli, kuna foleni, kuna mkwe aliyebanwa na biashara yake ya sokoni, kuna mzee anayesema “nitakwenda wiki ijayo”. Muuguzi wa chanjo hamwandikii mtoto rufaa ya kwenda kuchanjwa mjini, anachanja. Huduma ya wazee itafaa kwa kadiri yale yaliyogunduliwa yanavyotendwa pale pale, au tarehe ya kutendwa inavyowekwa na mtu anayeulizwa ikipita.

Jiko, pesa na baraza

Tena kuna kinga isiyopita hospitalini kabisa. Katika nchi ya Wasukuma, wanawake wazee wengi wameuawa kwa kudhaniwa wachawi, na macho mekundu yalihesabiwa kuwa moja ya dalili. Uwekundu huo ulitoka jikoni: miaka mingi ya kupulizia kuni na kinyesi kikavu cha ng’ombe ndani ya chumba kisicho na njia ya moshi. Wilayani Magu, mashirika yanayotetea wazee yaliposhughulika na jambo hilo hayakuishia kwenye dawa ya matone. Wanawake walijengewa majiko banifu, nyumba mbovu zikakarabatiwa, na wanakijiji wakaelezwa macho yanakuwa mekundu kwa nini. Jiko moja lilifanya kazi ya daktari wa macho, ya daktari wa mapafu, na ya mlinzi. Mpango wa afya usioingia jikoni usingeona hata kimoja.

Pesa nayo ni kinga. Zanzibar ilianza Aprili 2016 kumlipa kila mkazi mwenye miaka 70 na zaidi pencheni jamii, kwanza shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi kilichoongezwa baadaye. Kenya, kupitia Inua Jamii, iliweka shilingi 2,000 za Kenya kwa mwezi kwa wazee wa miaka 70 na zaidi. Si fedha za kujengea nyumba. Lakini kwa mzee aliyekuwa akimwomba mwanawe hata nauli ya kwenda kliniki, ni tofauti kati ya kwenda na kungoja. Pia humpa sauti: anayetoa pesa ya dagaa husikilizwa anapouliza dagaa ziko wapi.

Na baraza ni kinga. Mzee anayetoka kila jioni kwenda kucheza bao, au bibi mwenye chama chake cha kukopeshana, anatembea, anakumbuka madeni, anacheka, na asipoonekana siku mbili watu wanabisha hodi. Hiyo ni kazi ile ile ya rejista ya kliniki, inafanywa bure.

Kuanzia tulipo

Tanzania Bara ina Sera ya Taifa ya Wazee tangu 2003, inayomtambua mtu wa miaka 60 na kuendelea kuwa mzee, na matibabu bila malipo kwa wazee wasiojiweza ni ahadi ya siku nyingi. Hospitali nyingi zina dirisha la wazee na bango la kuwataka watu wampishe mzee ahudumiwe kwanza. Hayo ni mema, ila yote yanamngoja mzee augue, aamke alfajiri, afike. Dirisha humhudumia aliyekuja. Kadi ingemkumbuka asiyekuja.

Watu wa kuibeba kazi hiyo wameanza kupatikana. Kenya ilizindua Septemba 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wapatao 100,000, wakiwa na mikoba yenye mashine ya presha, kipima sukari na mizani. Januari 2024 Tanzania ikazindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, lengo likiwa kufikisha zaidi ya 137,000, wawili kwa kila kitongoji au mtaa. Anayepita nyumba kwa nyumba kumuulizia mtoto aliyekosa chanjo anakaa sebule moja na bibi wa mtoto huyo. Akiongezewa mambo sita, kiti na nusu saa, ziara moja itawaona wawili.

Familia haina haja ya kungoja. Nunueni daftari gumu. Ukurasa wa kwanza uandikwe kila dawa, saa yake na sababu yake. Wa pili uzito wa kila mwezi na presha, akiwa ameketi na akiwa amesimama. Wa tatu tarehe: macho, masikio, meno, siku ya kumwaga dawa mezani mbele ya daktari au mfamasia. Mzee asimame na kuketi mara kumi kila asubuhi, meza ikiwa karibu ya kushika. Kandambili zibadilishwe kwa viatu vyenye kamba nyuma, na njia ya chooni ipate taa na mti imara wa kujishikilia. Kisha mchague mmoja wenu wa kulishika daftari. Mara nyingi familia humpa kazi hiyo mwenye kipato kikubwa, anayetuma pesa toka mbali na kusoma habari kwenye kundi la WhatsApp; afadhali apewe aliye karibu, na wa mbali wamlipie muda wake. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na mzigo huu kwa kawaida umeangukia binti au mkwe mmoja ambaye hakuna aliyemuuliza.

Atatokea mtu aseme kwamba zahanati hazitoshi hata kwa watoto, na kwamba watoto ni wa kwanza. Ajiulize watoto hao wanalelewa na nani. Katika nyumba nyingi za vijijini mama yuko mjini akitafuta, au amefariki, na anayeamka kukoroga uji wa shule ni bibi. Siku bibi huyo akivunjika nyonga, anayeacha shule ili amuuguze ni mjukuu wa kike. Afya ya mzee na kadi ya mtoto ziko chini ya paa moja.

Kwa hiyo zahanati haiombwi jengo jipya wala mashine kubwa. Inaombwa siku moja kwa mwezi, rejista moja yenye majina ya wazee wote wa kijiji, wagonjwa na wazima, na mtu mmoja ambaye siku hiyo ikiisha ataisoma orodha, aone nani hakufika, na kesho yake aende kumpigia hodi.